Kupima vitamini na dawa dhidi ya virusi kwa laptopu moja: mwongozo wa dokingi kutoka Arua

"Mwalimu, nimepata dawa ya Korona," kijana mmoja aliniambia mlangoni, hodi yenyewe hajaimaliza. "Ni vitamini B12."

Alikuwa amekesha na laptopu ya kaka yake. Alipakua programu, akaingiza vitamini zote alizozijua, na B12 ikaziacha nyingine mbali. Nikamwambia, "Kaa kwanza, mwanangu, unywe chai. Hiyo B12 umeiangalia uzito?" Hakuwa ameuangalia. Uzito wa molekuli ya B12 ni takriban 1355, wakati vitamini C ni 176 tu. Programu hizi hujumlisha alama kwa kila mgusano kati ya atomu na protini, kwa hiyo molekuli kubwa hupata alama nyingi kwa sababu tu ni kubwa. Tena B12 imebeba kobalti katikati, na programu huichukulia kobalti kama metali yoyote ile.

Ninayoandika hapa ndiyo niliyomwonyesha siku ile na majuma yaliyofuata. Kazi yenyewe huitwa dokingi: programu huichukua molekuli ndogo, ikaigeuzageuza ndani ya tundu la protini ya kirusi maelfu ya mara, kisha ikatoa mikao iliyokaa vizuri pamoja na alama ya kila mkao. Hakuna maabara wala kirusi hai, na gharama yake ni umeme na bando. Lakini usijidanganye kuhusu unachokipata mwishoni. Dokingi ni ungo wa kupunguza orodha ndefu iwe fupi. Haiponyi mtu, na peke yake haithibitishi kitu.

Hatua ya 1: Chagua protini, na uchague kwa sababu

Sisi wa Uganda tuna sababu za kutaka kuanza na virusi vya nyumbani. Taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe ilianza mwaka 1936 ikichunguza homa ya manjano. Kirusi cha West Nile kilitambuliwa mwaka 1937 hapa kwetu, mkoa wa West Nile (jina la mkoa wetu limezunguka dunia nzima, bahati mbaya kwa sababu hiyo), na Zika ikapatikana mwaka 1947 katika msitu wa Zika, jirani na Entebbe. Halafu kuna Ebola. Mlipuko wa aina ya Sudan uliotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022 ulithibitishwa kwa watu 142, na 55 kati yao walifariki kabla haujatangazwa kwisha Januari 2023. Tangu hapo kila mwanafunzi anayekuja kwangu anataka Ebola.

Ninamwambia asubiri. Ipo protini ya Ebola iliyopigwa picha ya fuwele (ramani ya mahali kila atomu ilipo) ikiwa imeshika toremifene, dawa ya saratani ya matiti, na nyingine ikiwa imeshika ibuprofen, hii hii ya maumivu. Faili zake kwenye Benki ya Data ya Protini, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, ni 5JQ7 na 5JQB. Ila ni za Ebola ya aina ya Zaire, si ile ya Mubende. Na tundu lake limejaa sehemu zinazopenda mafuta, kwa hiyo molekuli yoyote yenye mafuta mafuta itang'ara humo. Anayejifunza atadanganyika siku ya kwanza.

Kwa kujifunza, chukua proteasi kuu ya kirusi cha Korona, inayofupishwa Mpro. Kirusi hutengeneza protini zake nyingi zikiwa zimeungana kama kamba ndefu, na Mpro ndiyo kisu cha kuikata katika sehemu zisizopungua 11. Kisu kikizuiwa, kirusi hakizaliani. Makali yake ni asidi amino (matofali ya protini) mbili, His41 na Cys145, na kuna dawa zilizothibitika kwa wagonjwa ambazo hufanya kazi kwa kukaa hapo hapo. Jambo hilo la mwisho ndilo muhimu, maana litakupa kitu cha kujilinganisha nacho.

Sasa angalia mtego. Wengi hupakua faili ya 6LU7 kwa sababu ndiyo iliyotangulia, mwanzoni mwa mwaka 2020. Humo ndani kizuizi kiitwacho N3 kimeungana na Cys145 kwa kifungo halisi cha kikemia. Nirmatrelvir, dawa nyingine ya Korona, nayo hufunga hivyo hivyo. Programu ya kawaida ya dokingi haitengenezi vifungo vya namna hiyo, kwa hiyo ukiipima kwa N3 utakuwa umempa mtihani wa somo ambalo hakufundishwa. Chukua 7VU6, ambamo Mpro imeshika ensitrelvir, dawa ya Kijapani ambayo hukaa tunduni bila kifungo cha kikemia.

Hatua ya 2: Vifaa

Laptopu yenye RAM ya GB 4 itatosha, 8 ni raha. Ubuntu ni rahisi zaidi, lakini Windows nayo inakubali. Unahitaji programu tatu, na huzilipii: AutoDock Vina ya taasisi ya Scripps, Marekani, iliyotoka mwaka 2010 na ambayo ni ndogo sana, Open Babel ya kubadilisha aina za faili, na ChimeraX ya kutazama, ambayo ni bure kwa wasiofanya biashara. Hiyo ChimeraX ni nzito. Nenda ukaipakue chuoni kwenye eduroam, intaneti ya vyuo, usimalize bando lako la wiki kwa faili moja. Faili za protini na molekuli zenyewe ni ndogo, hata simu inaweza kuzishusha.

Hatua ya 3: Andaa protini

Pakua 7VU6 kutoka Benki ya Data ya Protini, ifungue kwenye ChimeraX. Futa maji. Itenge ensitrelvir na uihifadhi kwenye faili yake peke yake, uiite asili.sdf, kwa sababu utaihitaji mara mbili. Kinachobaki kiite protini.pdb, kisha kwenye dirisha la amri andika:

obabel protini.pdb -xr -p 7.4 -O protini.pdbqt

Hiyo -p 7.4 inaongeza haidrojeni kwa kufuata pH ya damu. Jambo moja ambalo miongozo mingi hulipita: Mpro hufanya kazi ikiwa jozi, na asidi amino ya kwanza ya pacha mmoja hugusa ukingo wa tundu la mwenzake. Faili yako ikiwa na pacha wote wawili, waache wote. Ikiwa na mmoja, iambie ChimeraX ijenge jozi kutokana na maelezo ya fuwele yaliyomo kwenye faili. Utatumia dakika kumi, na tundu litakuwa na umbo lake la kweli.

Hatua ya 4: Andaa orodha

Hapa ndipo kijana wangu alipoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Gawa orodha katika mafungu matatu. La kwanza ni unavyotaka kuvichunguza: vitamini, pamoja na dawa zinazopatikana kwenye vituo vyetu vya afya, kama lopinavir na dolutegravir za VVU, doxycycline, albendazole, hata ivermectin tunayogawiwa vijijini kwa ajili ya usubi. La pili ni dawa inayojulikana kufanya kazi kwenye tundu hilo, yaani ensitrelvir. La tatu ni wasiohusika: dawa za presha na sukari ambazo hakuna anayetarajia zizuie Mpro. Walinganishe kwa uzito. Nicotinamide, yaani vitamini B3, ina uzito wa 122, basi mpe metformin ya 129 awe jirani yake. Riboflavin ina 376, mpe amlodipine ya 409. Ensitrelvir ina takriban 532, mpe glibenclamide ya 494. Bila fungu la tatu huna kazi, una tangazo.

Molekuli zote zipo PubChem, hifadhi ya bure ya molekuli mtandaoni. Tafuta kwa jina, pakua ile ya 3D. Ukikosa ya 3D, pakua ya 2D na uiambie Open Babel ijenge umbo. Kisha angalia haya.

Chumvi. Thiamine ya dukani huja na kloridi. Ondoa kloridi ubaki na thiamine.

Chaji. Vitamini C ni asidi yenye pKa (pH ambapo nusu yake imepoteza protoni) ya takriban 4.2, maana yake ndani ya damu imeshapoteza protoni na ina chaji hasi. Open Babel huweza kuiacha kama ilivyo kwenye chupa. Ifungue faili utazame kabla ya kuendelea, usiiamini amri.

Umbo la mwilini. Mtu akimeza vitamini D3, ini huibadilisha kuwa calcifediol, na figo huifanya calcitriol. Asidi ya foliki nayo hubadilishwa. Thiamine huongezewa fosfati ndani ya seli. Kama unapima kile kilichoandikwa kwenye chupa tu, unaipima chupa. Weka maumbo yote mawili.

Na B12, iondoe. Ivermectin ina uzito wa 875. Iache kama unataka, ila andika pembeni kwamba ni kubwa mno kwa kulinganishwa na wengine.

Nitaongeza na manjano, maana lazima mtu ataniuliza. Curcumin, kiini cha manjano ya jikoni, inajulikana kwa kuvuruga vipimo vya maabara: huonekana kuzuia karibu kila protini inayowekewa, na sababu mara nyingi haihusiani na protini hiyo. Ukiiweka kwenye orodha itapata alama nzuri. Mimi siiweki.

Ukimaliza, badilisha kila moja:

obabel riboflavin.sdf -O viungo/riboflavin.pdbqt -p 7.4

Hatua ya 5: Chora sanduku

Vina haitafuti kwenye protini nzima. Inatafuta ndani ya sanduku unaloipa. Kitovu cha sanduku ni wastani wa namba za x, y na z za atomu za ensitrelvir uliyoitenga. Ifungue kwenye programu ya majedwali na upige wastani, au uiombe ChimeraX ikupe kitovu. Pande zake ziwe angstromu 22 hadi 25 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita). Ukizidi 30 kila upande, Vina yenyewe itakuonya, kwa sababu nafasi ya kutafuta inakuwa kubwa na majibu yanayumba. Andika faili iitwayo sanduku.txt:

receptor = protini.pdbqt
center_x = (wastani wa x)
center_y = (wastani wa y)
center_z = (wastani wa z)
size_x = 24
size_y = 24
size_z = 24
exhaustiveness = 16
seed = 256

Kwenye mabano weka namba zako. Seed ni namba yoyote ya kuanzisha bahati nasibu ya programu, mradi usiibadilishe, ili mwenzako akirudia kwenye mashine ile ile apate ulichopata. Exhaustiveness ni juhudi ya kutafuta, na ya kawaida ni 8. Mimi huongeza hadi 16 kwa kuwa muda ninao.

Hatua ya 6: Jaribu kwanza unachokijua

Kabla ya vitamini hata moja, irudishe ensitrelvir kwenye tundu lake. Usitumie ile asili.sdf, kwa kuwa tayari imejikunja kama inavyotakiwa na hapo unaipa jibu la mtihani. Pakua mpya PubChem, iandae kama wengine, iendeshe, kisha ulinganishe mkao wa kwanza na ule wa fuwele. Amri ya obrms, inayokuja na Open Babel, itakupa umbali wa wastani kati ya mikao hiyo miwili. Ikiwa chini ya angstromu 2, endelea. Ikikataa kusoma faili zako, ziweke zote mbili kwenye ChimeraX uzitazame zimelaliana kiasi gani.

Ikizidi 2, simama. Kosa huwa kwenye kitovu cha sanduku, au haidrojeni, au umesahau pacha. Nimewahi kupoteza Jumamosi nzima kwa sababu nilibadilishana y na z. Hakuna ujumbe wa kosa uliotokea. Programu iliendelea kutoa alama zake kwa utulivu kabisa, molekuli ikiwa imeng'ang'ania upande wa nje wa protini.

Hatua ya 7: Endesha, umeme ukikatika usilie

Kwenye dirisha la amri la Ubuntu andika:

for f in viungo/*.pdbqt; do
n=$(basename "$f")
[ -f "matokeo/$n" ] && continue
vina --config sanduku.txt --ligand "$f" --out "matokeo/$n"
done

Tengeneza kwanza folda ya matokeo. Mstari wa tatu ndio wa Uganda: unaruka kila molekuli iliyokwisha kupimwa, na Vina huandika faili ya matokeo baada ya kumaliza, kwa hiyo umeme ukikatika na betri ikafa, unaanzia pale ulipoachia. Molekuli ndogo huchukua dakika moja au mbili. Orodha ya 40 inaisha usiku mmoja na unabaki na muda wa kulala.

Hatua ya 8: Soma alama kama mtu mwenye mashaka

Alama ni namba hasi, kwa kilokalori kwa moli, na inavyozidi kushuka ndivyo programu inavyodhani molekuli imeshika vizuri. Neno ni "inavyodhani". Watengenezaji wa Vina wenyewe waliandika kwamba makadirio yake hukosea kwa takriban kilokalori 2.85. Kwa lugha ya nguvu ya kushika, hiyo ni zaidi ya mara mia moja. Basi vitamini yenye -7.4 haijaishinda dawa yenye -7.1, wamelingana. Ukiona ripoti inapanga washindi kwa desimali, ifunge.

Linganisha kwanza na jirani wa uzito. Riboflavin imeizidi amlodipine? Kwa kiasi gani? Kama dawa ya presha imepata alama sawa, unachopima ni ukubwa. Njia ya haraka ya kuliona hilo ni kugawa alama kwa idadi ya atomu zisizo haidrojeni, ila nayo huzipendelea molekuli ndogo kupita kiasi, kwa hiyo tazama namba zote mbili.

Pili, fungua mkao wenyewe. Iko karibu na His41 na Cys145, au imejibanza kwenye kona ya sanduku? Mikao tisa inayotolewa inafanana, au kila mmoja umeelekea kwake?

Tatu, fanya hesabu ya damu. Hii watu hawaifanyi, na ndiyo inayomaliza madai mengi. Kama tungeiamini alama kikamilifu, -8.2 ni sawa na mikromola 1 hivi (kipimo cha wingi wa molekuli kwenye lita): kiasi kinachohitajika ili nusu ya protini iwe imeshikwa. Kila kilokalori 1.36 unazopanda au kushuka, zidisha au gawa kwa kumi. Kwa hiyo -6.8 ni mikromola 10, na -5.5 ni kama 100.

Tuseme calcifediol imekupa -7.5. Hiyo ni zaidi ya mikromola 3, yaani nanomola 3,000 na ushee. Mtu mwenye vitamini D ya kutosha ana nanomola 50 hadi 100 kwenye damu, na karibu yote imeshikwa na protini za damu, hata asilimia moja haiko huru. Ungehitaji mara 30 hadi 60 ya kiasi chote, na mara maelfu ya kile kilicho huru, na njiani ungeshamtia mtu sumu. Alama nzuri, dawa hakuna.

Ivermectin ilipita njia hiyo hiyo mwaka 2020. Huko Australia ilizuia kirusi ndani ya seli za maabara kwa mikromola 5, kiasi ambacho damu ya mtu aliyemeza dozi ya kawaida haikaribii, na majaribio makubwa kwa wagonjwa baadaye hayakuona faida. Lopinavir, ambayo kompyuta nyingi ziliipigia debe, ilipimwa Uingereza kwenye jaribio la RECOVERY: baada ya siku 28 walikuwa wamefariki asilimia 23 ya waliopewa na 22 ya wasiopewa. Hydroxychloroquine ikawa 27 kwa 25.

Kuna na mtego wa seli. Dawa nyingi zenye chaji chanya upande mmoja na mafuta upande wa pili huvuruga mafuta ya ndani ya seli, na kirusi kikashindwa kuzaliana kwa sababu seli yenyewe inaumwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya dawa zilizodhaniwa zinafaa kwa Korona zilikuwa za namna hii. Amlodipine ina umbo hilo. Ukikuta dawa ya aina hii juu ya orodha yako, iwekee nyota.

Hatua ya 9: Kabla ya kumwambia mtu

Usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nasema hivi kwa sababu mwaka 2021, wakati wa wimbi la pili, nilimwona shangazi yangu anajifukiza majani machungu ya mululuuza asubuhi, anakunywa ndimu na tangawizi mchana, na jioni anameza vidonge vya vitamini ambavyo hakuna daktari aliyemwandikia, vyote kwa sababu ya ujumbe uliosambazwa. Ndimu haimdhuru. Lakini vitamini A ikizidi huharibu ini na mimba, D ikizidi hupandisha kalisi hadi figo zinaumia, na B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na mikono: mtu anaanza kukanyaga bila kuhisi ardhi.

Kilichobaki kwenye ungo, kama kimebaki, kipeleke kwa mtu mwenye maabara, na uombe kitu kidogo: kipimo cha kimeng'enya cha Mpro pekee, ambacho hakihitaji kirusi hai. Makerere kuna kituo cha bioinfomatiki kwenye Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza; watu wake wataisoma kazi yako na kuipasua, na hilo ndilo unalolitaka. Kazi ya kirusi hai ina sehemu zake maalumu. Ukifika kwa binadamu, hapo kuna kamati ya maadili, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na utakuwa umeshazeeka kidogo.

Kwenye karatasi utakayowapa andika namba ya faili ya protini, kama uliacha pacha mmoja au wawili, pH, kitovu na pande za sanduku, toleo la Vina, seed, umbali wa ensitrelvir kutoka kwenye fuwele, na orodha nzima, pamoja na walioanguka na sababu yao.

Kijana wangu alirudi baada ya majuma matatu na karatasi yake imepigwa chapa, kurasa nne. Molekuli 41. Mbili zilibaki, zote dawa, na moja ina nyota. Mstari wa kwanza wa jedwali la walioanguka unasema: "Vitamini B12. Uzito 1355. Kobalti. Nilikosea." Nikamwomba afute lile neno la mwisho, akakataa.